Je, nimtembelee mtoto niliyemlea ikiwa wazazi wake hawajui?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Nilikuwa dada wa kazi katika nyumba ya watu wenye uwezo Masaki, Dar es Salaam, na nilimlea mtoto wao wa kiume tangu akiwa anatambaa hadi alipoanza darasa la kwanza. Wazazi wake ni watu wa safari na vikao. Mara nyingi walirudi akiwa amekwisha kulala. Nilipoachishwa kazi sikupewa nafasi ya kumuaga: alikwenda shule asubuhi, aliporudi akanikosa.

Majuzi nilikutana naye dukani akiwa na dereva. Alining'ang'ania kanga, akanionyesha pengo la jino lililong'oka, akanieleza kwamba hula peke yake mbele ya televisheni na kwamba wadada hubadilishwa kabla hajawazoea. Kisha akaniuliza alikosa nini hata nikamwacha. Swali hilo linaninyima usingizi. Dereva amenipa namba yake, anasema niende siku ambayo wazazi hawapo. Niende?

Jibu la 1
Pole sana, mdogo wangu. Nenda, lakini usiende kwa kificho. Siku mama mwenye nyumba atakapogundua, dereva atafukuzwa, na mtoto atakupoteza mara ya pili. Zaidi ya hayo, mtoto huyo atakuwa amefundishwa kuwaficha wazazi wake habari za mtu mzima anayekuja kumwona, na kesho anaweza kutokea mtu asiyemtakia mema akaitumia tabia hiyo. Mpigie mama yake, umwombe saa moja ya Jumamosi, hapo hapo nyumbani kwao. Usianze kwa kumweleza jinsi mtoto anavyoishi, kwa sababu atasikia lawama na mlango utafungwa.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila swali la mtoto lisisubiri. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1907 katika familia yenye uwezo, alilelewa zaidi na yaya kuliko na mama yake. Yaya aliyempenda aliondoka Bowlby akiwa na umri wa miaka minne hivi, na ukubwani alilinganisha pigo hilo na kufiwa na mama; baadaye akawa miongoni mwa waliouonyesha ulimwengu jinsi mtoto mdogo anavyoumizwa na kutengwa na mlezi wake. Mwombe mama yake ruhusa ya kumwambia mtoto, hata kwa simu, kwamba hakukosa lolote na kwamba kuondoka kwako kuliamuliwa na watu wazima.

Jibu la 3
Niongeze upande wa sheria. Upweke pekee si jambo la kukimbilia kushtaki. Hata hivyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba mzazi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula, matibabu au elimu aitoe kwa serikali ya mtaa. Ukiona dalili za namna hiyo, mwone afisa ustawi wa jamii au piga namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Usilitaje hilo kama tishio unapoomba kumwona mtoto.

Muuliza swali
Nawashukuru wote. Dereva nimemwomba asinipangie siku yoyote. Nitampigia mama yake Jumapili asubuhi, wakati ambao kwa kawaida huwa nyumbani, na ombi langu la kwanza litakuwa kuzungumza na mtoto akiwapo yeye mwenyewe.