Benz SL za Marekani kuwa na taa nne za duara: urembo au sheria?

MpendaVikongwe: Wakuu, habari za mchana. Nafuatilia Benz SL za zamani, zile R107 za 1971 hadi 1989. Za Ujerumani zina kioo kimoja kikubwa kila upande, zimetulia kabisa. Za Marekani zina taa nne za duara. Hivi Wamarekani walipenda wenyewe?

FundiUmeme_Ngara: Mkuu, hapo hakuna cha kupenda, ni sheria. Kuanzia magari ya 1940 Marekani ilikuwa taa ya aina moja: duara, inchi 7, kioo na riflekta na waya wa ndani vimefungwa pamoja. Ikiungua unatupa yote, unanunua nyingine popote, iwe Ford iwe Chevrolet. Baadaye wakaruhusu nne ndogo, miaka ya 70 zikaja za mstatili. Mpaka 1983 ndipo kampuni zikaruhusiwa kuchora taa zao. Kwa spea ni raha, kwa sura ni msiba. Citroën DS ya 1967 ilikuja na taa nyuma ya kioo, za ndani zinageuka na usukani. Ya Marekani kioo hakipo na taa hazigeuki. Wenye Benz wengine kule wakawa wanaagiza taa za Ulaya na kuzifunga wenyewe.

Dizeli504: Na zile taa za njano za Wafaransa?

FundiUmeme_Ngara: Sheria pia, ya 1936, ikaisha 1993. Waliamini njano haiumizi macho. Leo mwenye Peugeot 504 anarudishia globu za njano kwa mapenzi tu.

Ila sura ni jambo dogo. Niko karibu na mpaka wa Kobero. Chukua Probox ya Japani, washa dimu mbele ya ukuta: mwanga umekatika sawasawa, halafu upande wa kushoto unapanda. Huku kwetu kushoto ni ukingoni, unamwona mwenye baiskeli mapema. Ukivuka Burundi wanaendesha kulia, na kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampiga machoni hata fulu hujawasha.

MpendaVikongwe: Duh. Kwa hiyo nikipata SL ya Marekani niifunge taa za Ujerumani, basi?

FundiUmeme_Ngara: Zote ni za kuendesha kulia, hapa Bongo utatukanwa kila usiku. Tafuta za Uingereza, na uandae hela.