Binti yangu amenyamaza chuoni, na ofisi haiwezi kuniambia lolote

Mama wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza
Habari zenu. Binti yangu ana miaka 19 na yuko katika muhula wa pili. Mwezi mzima sasa simu zangu hazipokei ila kwa nadra, na akipokea, sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa usingizini, hata iwe alasiri. Nilipoipigia ofisi ya mlezi wa wanafunzi, niliambiwa kwamba habari zake hazizungumzwi bila ridhaa yake. Mimi ndiye ninayelipa ada, na mimi ndiye niliyemzaa. Nifanye nini?

Mshauri nasaha wa chuo
Pole sana, mama. Katika nchi nyingi mtu aliyefikisha miaka 18 ni mtu mzima kisheria, kwa hiyo kwa kawaida mshauri huitoa siri yake pale tu maisha yake au ya mwingine yanapokuwa hatarini. Tungekuwa tunapeleka kila neno nyumbani, wengi wasingegonga mlango wetu. Hata hivyo, ofisi inayozuiwa kutoa habari haizuiwi kuzipokea. Piga tena, na safari hii usiulize, bali eleza: umeona nini, tangu lini, na kipi kimebadilika, kisha uombe mtu akamwone bwenini. Huzuni, au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, pamoja na kulala kupita kiasi, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, inatosha kumfikisha mtu kwa mtaalamu. Ukipata kuzungumza naye, muulize waziwazi iwapo amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, na msaada wa dharura uitwe saa hiyohiyo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu
Shikamoo mama. Nami nilinyamaza hivyo baada ya kufeli masomo mawili, kwa kuwa kila simu ya nyumbani ilianza kwa kuniuliza masomo yanaendeleaje. Sikujua kwamba mwanafunzi mgonjwa anaweza kuomba kuahirisha masomo kisha akarudi. Mwangalizi wa bweni ndiye aliyenieleza, akanisindikiza hadi kwa mshauri. Mama yangu aliponiandikia kwamba hahitaji jibu, anataka tu nijue kwamba ananiwaza, nilimpigia usiku uleule.

Baba wa wanafunzi wawili
Mzazi mwenzangu, ikiwa hakuna dalili ya hatari, usimvamie chuoni bila taarifa. Mimi nilifanya hivyo, na kijana wangu alichukua miezi kuniamini tena. Akishatulia, muombe atie saini ridhaa ya maandishi inayotaja ni jambo gani mzazi aelezwe na lipi libaki lake. Wangu alikubali nijulishwe habari za afya, si za matokeo, nami nimeliheshimu hilo.

Mama wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza
Asanteni. Marahaba, mwanangu. Nimepiga tena nikaeleza, wamenisikiliza hadi mwisho, na mwangalizi wa bweni atakwenda kumwona leo jioni. Ujumbe nimeshamtumia, bila swali hata moja.