Safavid walidondokaje kirahisi vile 1722?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, kuna kitu kinanichanganya kuhusu hawa Safavid, ukoo wa kifalme wa Uajemi (Iran). 1501 dogo wa miaka 14 hivi, Ismail, anavishwa taji pale Tabriz, anaifanya nchi iwe ya Shia kwa nguvu, anakuja Shah Abbas anaijenga Isfahan, mji mkuu, mpaka wazungu wanashangaa, halafu 1722 Waafghani kutoka Kandahar wanakuja wanambeba mfalme, Sultan Husayn, kama kuku. Shida ilikuwa ni yeye tu au kuna zaidi?

Fundi Saa:
Mkuu mimi namlaumu Abbas huyohuyo mnayemsifia. Aliogopa machifu wa Qizilbash, wale wenye kofia nyekundu waliompandisha Ismail, akaunda jeshi lake la ghulam, yaani askari watumwa, vijana wa Kijojia, Kiarmenia na Kisirkasi, na ili awalipe akageuza majimbo kuwa mali ya ikulu. Sasa jimbo likishakuwa la ikulu nani wa pale atajisumbua kuweka askari? Halafu wivu wa kiti. 1615 akaamuru mwanawe Safi Mirza auawe, wengine akawatoboa macho, na kuanzia hapo watoto wa mfalme wakawa wanalelewa ndani na matowashi, hawajui vita hawajui raia. Husayn katokea humohumo 1694, washauri wakisema lolote yeye sawa tu.

Mama Rehani:
Fundi Saa unamtwisha marehemu mzigo wote, Abbas kafa 1629, himaya ikaendelea miaka 93! Amani na Waturuki 1639 ndo ililaza jeshi, na mateso ya Kandahar ndo yaliwasha moto. Gavana wa kule alikuwa Mjojia, Gurgin, mkali ajabu juu ya Waafghani ambao ni Sunni, akamkamata mkubwa wao Mirwais akampeleka Isfahan. Kosa hilo! Jamaa kakaa pale kaona ikulu ilivyooza, karudi kwao, 1709 Gurgin akauawa. Mahmud, aliyewaongoza Waafghani 1722, ni mtoto wa huyo Mirwais. Pale Gulnabad, karibu na Isfahan, Machi 1722, Waajemi walikuwa wengi zaidi na mizinga wanayo ila makamanda wanagombana wenyewe kwa wenyewe, wakachapwa, mji ukazingirwa mpaka Oktoba, watu wakala punda, wakala mbwa na paka, wakachemsha ngozi za viatu. Mwisho Husayn akatoka mwenyewe kwenda kambini Farahabad akamvisha Mahmud taji kwa mkono wake.

Pwani Raha:
Msisahau bahari jamani. Abbas alimtoa Mreno kisiwa cha Hormuz 1622 lakini kwa meli za Waingereza, za kwake hana, na waliomfuata hawakujenga za maana. Waomani wakaona mwanya: Saif bin Sultan akachukua Fort Jesus hapa kwetu Mombasa 1698, mwanawe akawapokonya Safavid Bahrain 1717. Miaka mitano kabla ya Isfahan! Dalili zilikuwa wazi kabisa.

Msomaji wa Usiku:
Aisee asanteni. Na Mahmud alifaidi sasa?

Mama Rehani:
Wapi! 1725 kaondolewa na binamu yake Ashraf, 1729 jemadari Nader akawatimua Waafghani wote akijidai anamrudishia Tahmasp, mtoto wa Husayn, ufalme wa baba yake, halafu 1736 akajivika taji mwenyewe.