Maktaba ya mji Moshi: tuongeze ghorofa?

Wadau, kuna wazo la kuongeza ghorofa kwenye jengo la zamani la maktaba: vitabu juu, wasomaji na kompyuta chini. Tupime nini kabla ya kumwita msanifu?

Jibu 1: Mkuu, anza na uzito. Mita moja ya vitabu vilivyopangwa kwenye rafu ni kama kilo 30. Kabati la pande mbili, safu sita kila upande, kila safu urefu wa mita moja, linafika kilo 360 bila chuma chake. Sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 250 hivi kwa mita ya mraba. Ya stoo ya vitabu hupita 600. Geuzeni: vitabu chini, wasomaji juu. Kisha chimbeni kando ya msingi muone kina na upana, mkate sampuli za zege ziende maabara.

Jibu 2: Na mwenye kiti cha magurudumu? Mteremko wa 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kila mita 12) kupanda mita 3 unataka mita 36, bado vituo vya kupumzikia. Hapo ni lifti tu, na jenereta.

Jibu 3: Paa lifunguliwe baada ya masika, si Machi. Makabati yaache sentimita 10 ukutani, la sivyo ukungu.

Muulizaji: Shukrani. Kesho tunachimba.