Skrini nyeusi baada ya kusasisha kerneli ya Linux

Wakuu, naombeni msaada. Jana usiku nilisasisha Linux kwenye laptopu, kerneli mpya (kiini cha mfumo) ikaingia. Leo nikiwasha naona nembo, kisha giza tupu na kistari kinachowakawaka juu kushoto. Kadi ya picha inatumia draiva funge ya mtengenezaji (programu ya kuendesha kadi, isiyo huria). Nina video ya kuhariri, nimechanganyikiwa kabisa.

— Pole mkuu, mafaili yako yapo salama. Draiva ya aina hiyo hujengwa upya kwa kila kerneli. Ujenzi ukishindikana, picha hakuna. Kwenye menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo laptopu inapowaka) chagua kerneli ya zamani.

— Ikigoma, bonyeza e, ongeza nomodeset (ili itumie picha za msingi tu) mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Picha itakuwa nzito lakini utaingia. Halafu andika dkms status (dkms ndiyo inayojenga draiva upya), utuletee majibu.

— Ya zamani imewaka! Asanteni sana jamani. Majibu yanaonyesha draiva ipo kwenye kerneli hiyo tu.

— Basi weka linux-headers (faili zinazohitajika kujenga draiva) za kerneli mpya, kisha sudo dkms autoinstall. Kama Secure Boot (ulinzi wa laptopu inapowaka) imewashwa, moduli, yaani draiva iliyojengwa, lazima isainiwe kidijitali, la sivyo itakataliwa hata ikijengwa vizuri. Hilo lilinitesa siku mbili nzima.

— Headers ndizo zilikosekana. Imekubali, narudi kwenye video.