Ganzi ya kung'oa gego: lignokaini au artikaini?

Mkorosho wa Newala: Wakuu, gego langu la chini limeoza, halina budi kutoka. Mwezi jana nilikwenda zahanati moja, nikachomwa ganzi mara mbili, koleo lilipogusa tu nikaruka kitini. Jino likabaki. Sasa kliniki ya Mtwara mjini inasema ina lignokaini, na nyingine ya bei juu, artikaini. Kuna tofauti, au ni biashara?

Bi Mikindani: Mimi nimeng'oa mawili kwa lignokaini, sikusikia kitu. Mdomo ulikuwa mzito hadi alasiri, nikajing'ata nikila ugali. Ila yangu yalikuwa ya juu.

Tabibu wa Kinywa: Bi Mikindani kagusa penyewe. Mfupa wa taya la juu ni laini, dawa hupenya yenyewe hadi kwenye mizizi. Kule chini nyuma mfupa ni mgumu, kwa hiyo tunachoma ndani kabisa, tukiuwahi mshipa wa fahamu kabla haujaingia mfupani. Sindano ikipotea kidogo tu, utaumia hata dawa iwe nzuri vipi. Artikaini ya asilimia 4 (lignokaini yetu ni 2) hupenya mfupa vizuri zaidi, hivyo tukiiongeza kwenye fizi ya nje ya gego la chini inasaidia kweli. Kwa jino la juu nisingekulipisha zaidi. Siku ile ulikuwa umevimba?

Mkorosho wa Newala: Shavu kama nimeficha embe, daktari.

Tabibu wa Kinywa: Basi. Penye usaha pana asidi, na ganzi hushindwa kuingia kwenye neva. Artikaini nayo hupungua nguvu hapohapo. Nenda sasa, kabla halijavimba tena.

Kijana wa Nachingwea: Mzee wangu ana presha, alichomwa ganzi ya mepivakaini isiyo na adrenalini. Ganzi iliisha mapema, tukiwa bado njiani.

Tabibu wa Kinywa: Ndivyo ilivyo. Adrenalini hubana mishipa ya damu, dawa ikakaa na damu ikapungua. Mwenye presha iliyotulia mara nyingi huwekewa kiasi kidogo, mradi aseme mapema. Ganzi nyingine, bupivakaini, hudumu saa nyingi, ila huchelewa kushika. Naiweka kwa upasuaji wa gego la mwisho. Mtoto simpi, atajitafuna mdomo.

Mkorosho wa Newala: Nimeelewa, Jumatatu naenda. Uraka, pombe yetu ya mabibo, kidogo baada ya hapo?

Bi Mikindani: Mwanangu! Na kidonda wazi?

Tabibu wa Kinywa: Hata kesho yake usiguse.