Ukoo wa Nyanya Mwanakombo 🌴: safari ya Rukia

JUMANNE

[07:02] Shangazi Zaituni: Asalaam aleikum familia. Naandika tena maana juzi niliandika mkanyamaza kama mmeshonwa midomo. Rukia amepata kazi Uingereza ya kutunza wazee, ajenti nimeonana naye mwenyewe, jumla ni laki tatu na themanini, arubaini elfu tushatoa mimi na mamake. Ijumaa saa sita anataka laki na nusu la sivyo nafasi anapewa mwengine. Kila nyumba elfu kumi. Tumeni kwa namba yangu, SI kwa Juma.

[07:41] Shangazi Zaituni: Tiki za buluu naziona

[08:15] Swaleh: Wa aleikum salaam shangazi. Rukia akifika amwambie huyo mzee wa Kizungu kuna kijana Likoni yuko tayari kuwa mwanawe 😂

[08:16] Fatma: 😂😂😂

[08:17] Fatma: na ile baridi ataiweza? Limuru siku mbili tu alirudi na kifua wiki nzima

[08:20] Shangazi Zaituni: Swaleh kumi yako iko wapi kabla ya mzaha

[08:22] Swaleh: Shangazi mshahara bado haujaandama

[08:59] Mwinyi: Nimetuma 10. Lakini shangazi huyo ajenti ana leseni ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali? Orodha ya ajenti halali iko kwa tovuti yao, ni dakika mbili kuangalia

[09:03] Shangazi Zaituni: Ana ofisi mjini orofa ya tatu, ana bendera mbili mezani na wasichana wawili wanapokea watu. Sio mtu wa kivulini

[09:04] Mwinyi: Sijauliza bendera shangazi

[09:30] Fatma: nimetuma 3 nyengine mwisho wa mwezi

[11:12] Mama Rukia: Wifi Mungu akulipe kwa unavyohangaika. Ila mimi ile risiti ya arubaini elfu bado inanisumbua, nilimuuliza akasema risiti hutoka pamoja na viza

[11:15] Shangazi Zaituni: Wifi hayo tushaongea

[12:30] Hamisi: Risiti hutoka na viza. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, maneno hayo hayo

[12:41] Ami Juma: Hamisi nyamaza. Zaituni na wewe, hiyo "si kwa Juma" umeandika herufi kubwa kwa nini mbele ya watoto

[12:44] Shangazi Zaituni: Juma, ng'ombe wawili wa mama. Niishie hapo

[12:52] Ami Juma: Ng'ombe walienda kwa ajenti na nyote mwajua, mimi sikula hata kwato. Nilipanda zile ngazi mpaka magoti yakavimba, mara ya mwisho nikakuta kufuli na mlinzi hamjui mtu. Hamisi alishapimwa damu kashapigwa picha tunangoja Qatar tu. Na mimi ya boti mbona sisemi

[12:53] Shangazi Zaituni: Boti imeingiaje hapa??

[12:55] Swaleh: Boti imeingia maji 😂

[13:10] Mwinyi: Jamani Rukia mwenyewe yuko humu ndani anasoma

[13:47] Rukia: Niko. Kozi ya kutunza wazee nilimaliza miezi sita na cheti ninacho. Ajenti nilimuuliza jina la kampuni akasema nitalijua nikilipa laki na nusu. Sijui niseme nini, shangazi amejitolea sana kwangu

[23:48] Salma: Shangazi shikamoo, nisameheni nimetoka shifti ya masaa 12 ndio nafungua simu. MSITUME HATA SHILINGI. Huo mlango umefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 huku Uingereza wameacha kutoa viza mpya za kutunza wazee kwa mtu aliye nje ya nchi, sisemi imekuwa ngumu, nasema imefungwa, hata mwajiri awe anamtaka Rukia kwa machozi hawezi kumleta. Mimi nilipita 2023 kulipokuwa wazi

[23:53] Salma: Na kama anasema anawauzia karatasi ya udhamini wa kazi, COS, hiyo haiuzwi. Ni namba anayoitoa mwajiri mwenyewe kwa mfumo wa serikali, analipia yeye (mwaka 2025 ilikuwa pauni 525) na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hizo pesa. Waajiri wenye leseni ya kudhamini wako kwa orodha gov.uk mtu yeyote anaiona bure. Nipeni jina nitafute sasa hivi

JUMATANO

[05:20] Shangazi Zaituni: Wa aleikum. Salma huyo ajenti mwezi uliopita tu amepeleka msichana wa Kisauni, picha ya eapoti nimeiona

[06:31] Salma: Shangazi muulize alikwenda na viza gani. Wanaopata bado ni wale walioko huku tayari, wabadilishe viza ndani kwa ndani, na lazima mtu awe ashafanya kazi kwa huyo mwajiri miezi mitatu, na hiyo nayo mwisho Julai 2028. Kama ni viza ya kutembea basi hana ruhusa ya kufanya kazi hata siku moja. Picha ya eapoti ni picha ya eapoti

[06:40] Salma: Kazini kwangu kuna dada alilipa ajenti wa nchini kwao pesa nyingi, kufika hakuna masaa ya kazi, kisha kampuni ikanyang'anywa leseni. Ikamjia barua, siku 60 apate mdhamini mwengine ama aondoke nchini. Alikuwa analia chooni ndipo nikamjua

[06:58] Shangazi Zaituni: Wewe ulipokwenda nani alivua herini zake za dhahabu Salma? Leo umeshafika mlango umefungwa

[07:15] Salma: Wewe shangazi. Sijasahau na sitasahau. Ndio maana sitaki uuze na bangili

[07:16] Fatma: 😭

[09:05] Mwinyi: Na Ujerumani? Ruto si alitia saini na wao Berlin Septemba 2024

[09:09] Salma: Ile ni ya kweli lakini lugha kwanza. Mafunzo ya uuguzi ni miaka 3 na unalipwa ukisoma, ila uwe na Kijerumani cha kiwango cha B1 au B2. Hakuna mkato

[09:12] Swaleh: Rukia anza kunguruma koo sasa hivi 😂 Guten Morgen

[09:13] Shangazi Zaituni: Lugha ni mwaka na zaidi. Mtoto ana miaka 27, atasoma A B C mpaka lini

[09:14] Rukia: Mimi ningesoma shangazi

[10:26] Ami Juma: Saudia je, viza na tiketi analipa mwajiri, mkataba unapita kwa Musaned, mfumo wa serikali yao

[10:28] Mama Rukia: Saudia hapana. Shemeji nakuheshimu lakini baada ya yaliyompata Mwanasha huko usinitajie Saudia

[10:29] Ami Juma: Basi nisamehe

[13:40] Mwanahawa: Asalaam aleikum. Nyanya nimemsomea yote tangu jana. Amesema niandike kama alivyosema nisipunguze. "Ng'ombe wangu sikuwaulizia kwa sababu Juma ni mwanangu. Hati ya shamba la Tiwi iko chini ya godoro langu na hapo itakaa. Rukia ni yatima wa Athumani, hatoki mlangoni mwangu na mtu nisiyemjua kwao. Huyo ajenti aje hapa anywe kahawa anieleze mimi, mie nimsikie."

[14:35] Shangazi Zaituni: Nani amemwambia mama habari za hati

[15:02] Mama Rukia: Mimi. Nisamehe wifi

[17:20] Mwinyi: Sasa ile kumi yangu?

[17:22] Shangazi Zaituni: Iko salama kwangu

ALHAMISI

[08:10] Shangazi Zaituni: Nimempigia ajenti. Anasema hana nafasi ya kuvuka feri kuja Likoni kunywa kahawa, tutume pesa kwanza halafu atakuja. Sijapenda alivyonijibu. Lakini arubaini elfu yetu anayo

[08:12] Salma: Jina la kampuni shangazi?

[08:13] Shangazi Zaituni: Hajanipa

[08:30] Hamisi: Shangazi nikusindikize ofisini kwake leo. Zile ngazi nazijua

[08:31] Shangazi Zaituni: Njoo saa nne

[08:33] Mwinyi: Basi tukutane kwa Nyanya Jumapili baada ya adhuhuri tulimalize. Asitume mtu kitu mpaka hapo

[08:34] Swaleh: Mahamri nani analeta

[08:36] Fatma: sio mimi, mara iliyopita nilileta mkamaliza kabla sijakaa

[08:50] Shangazi Zaituni: Jumapili sawa. Mimi sijasema nimeacha

[11:57] Omari Dubai: Asalaam aleikum familia, nilikuwa saiti hakuna netwaki. Hongera sana Rukia!! Nimetuma elfu 20

[11:58] Salma: Omari ungengoja

[11:59] Shangazi Zaituni: Mbona kwangu haijaingia

[12:01] Omari Dubai: Nimetuma kwa Ami Juma, namba yake ndio niliyokuwa nayo

[12:40] Ami Juma: Imefika